Kipupwe Tanga: panga siku yako kwa maji na upepo

Masika yakiisha na upepo wa kusi ukashika, Tanga inakuwa mji mwingine. Joto la Februari linalomtoa mtu kitandani akalale barazani linaondoka, asubuhi inakuwa na ubaridi, na mchana unaweza kutoka Ngamiani hadi Raskazone kwa miguu bila shati kulowa jasho. Huu ndio msimu ninaowaambia ndugu na marafiki waje. Lakini wengi wakija wanaupoteza, kwa sababu wanapanga siku kwa orodha ya vivutio: saa 3 Amboni, saa 6 kuogelea, saa 9 kisiwani. Wanafika ufukweni wanakuta bahari imekwenda zake. Wanatafuta boti wakati upepo umeshachachamaa. Wanaulizia pweza siku ambayo hakuna aliyeshuka mwambani. Kipupwe cha hapa kina ratiba yake, na ratiba hiyo inasomeka. Ukiisoma kwanza, mambo mengine yote yanajipanga.

Hatua ya 1: Fungasha kwa hali ya hewa hii

Kuanzia Juni hadi Agosti, mchana joto linacheza kwenye nyuzi 27 au 28, na alfajiri linashuka karibu na 20. Mtu wa Njombe hataiita baridi, lakini ukipanda bodaboda kabla jua halijachomoza utalitafuta sweta. Leta moja jepesi. Leta pia mwamvuli au koti la mvua, kwa ajili ya mvua za mchoo: manyunyu ya Julai na Agosti yanayoshuka ghafla, yanapiga robo saa, kisha jua linawaka kama halikutokea jambo. Kwa sababu ya unyevu huo nguo nzito hazikauki haraka, kwa hiyo suruali ya jinzi iwe moja tu, nyingine ziwe za kitambaa chepesi.

Viatu ni jambo la kutilia maanani. Kandambili zinatosha mjini, ila mwambani na pangoni hazifai hata kidogo. Beba raba za zamani usizozionea uchungu zikilowa maji ya chumvi. Ongeza tochi, na uhakikishe unapolala pana chandarua, maana mbu waliozaliwa kwenye madimbwi ya masika bado wapo. Mavazi ya kutokea Ngamiani na vijijini yafunike mabega na magoti. Kwa wanawake kanga doti moja inatatua mambo mengi, ya kujitanda, ya kukalia mchangani na ya kujifunika upepo ukizidi.

Hatua ya 2: Fika, shukia Kange, tafuta baiskeli

Mabasi yanaishia stendi ya Kange, nje kidogo ya mji. Elewana bei na mwenye bajaji kabla hujapakia mzigo, naye atakufikisha mjini kwa muda mfupi. Ukitaka kulala karibu na bahari na utulivu, elekea Raskazone. Ukitaka kuamshwa na adhana na harufu ya vitumbua, tafuta gesti ya Ngamiani, mtaa ambao barabara zake zinaitwa kwa namba, kwa hiyo hata mgeni hapotei. Mimi ningekaa Ngamiani, bahari ningeiendea.

Tanga ni tambarare, na watu wake wamezoea baiskeli tangu zamani: mwalimu, fundi, muuza mkate, mzee anayekwenda msikitini. Katika kipupwe hakuna chombo kinachoishinda. Muulize mwenyeji wako akuazime au akutafutie ya kukodi kwa siku. Jambo moja tu: nenda na upepo usoni asubuhi ukiwa na nguvu, urudi nao mgongoni. Kusi inatoka kusini na kusini mashariki, na inaongeza nguvu kadiri mchana unavyokwenda.

Hatua ya 3: Jifunze maji kabla ya kitu kingine chochote

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo safari inapofaulu au kuharibika.

Bahari ya pwani hii inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti ya kimo katika siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, inapita mita 3. Maji yakipwa, mahali ulipoogelea jana unaweza kukuta tope, nyasi za baharini na miamba iliyo wazi hadi mbali. Yakijaa, mawimbi yanagonga kuta. Siri yake iko mbinguni: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ndiyo bamvua. Siku hizo maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukauka kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata, nyakati husogea mbele kwa dakika zipatazo 50. Baada ya wiki moja hivi, mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na sasa kujaa kunaangukia saa 4 au saa 5 asubuhi.

Kama unafuata kalenda ya Kiislamu, kazi imekwisha. Mwezi mosi na mwezi 15 ni bamvua. Mwezi 8 na mwezi 22 au karibu na hapo ni maji mafu. Ndiyo maana ukimuuliza mvuvi mzee wa Sahare maji yatajaa lini, haangalii simu. Anauliza, "Leo mwezi ngapi?" kisha anakupa saa.

Sasa tumia hesabu hiyo hivi:

- Wiki ya bamvua: asubuhi ni ya mwambani, alasiri ni ya kuogelea. Pia ni wiki ya pweza, kwa sababu wavuvi wa miguu wanafika kwenye mashimo ambayo siku nyingine yamefunikwa.
- Wiki ya maji mafu: ogelea asubuhi, maji yakiwa yamejaa na upepo bado haujaamka. Ndiyo wiki nzuri zaidi kwa watoto na kwa asiyejua kuogelea vizuri.
- Wiki yoyote: safari ya boti iwe asubuhi. Ukiona mawimbi yanavunjika meupe nje ya ghuba, ahirisha, hata kama umeshalipa kitangulizi.

Ukishuka mwambani, fuatana na mwenyeji. Maji yakianza kurudi hupita kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, na mtu anaweza kujikuta amezungukwa akidhani bado pakavu. Usikanyage usichokiona, na usigeuze mawe ukayaacha chali. Viumbe vya chini yake vinakufa na jua.

Hatua ya 4: Asubuhi, anza na samaki

Jua linachomoza kama saa 12 na nusu. Kunywa kitu cha moto kwanza: uji wa pilipili manga, au chai ya tangawizi na vitumbua, au mbaazi za nazi kwa mahamri. Hiki ndicho kifungua kinywa ambacho baridi ya asubuhi inakipa haki yake. Mwezi wa Februari unakula mbaazi za moto huku unatokwa jasho, Julai unazila unaomba nyongeza.

Kisha nenda soko la samaki la Deep Sea. Mashua na ngalawa zilizolala baharini zinaingia, samaki wanamwagwa, mnada unaanza. Simama pembeni usikilize. Dalali anataja bei, wanunuzi wanajibu kwa kichwa au kidole, na kabla hujaelewa kilichotokea fungu la changu limeshabebwa. Katika kusi bahari inachafuka na vyombo vidogo vingine havitoki, kwa hiyo usishangae siku nyingine samaki wakiwa wachache na bei imepanda. Hilo si suala la mgeni kuonewa. Hata kina mama wakaangaji wanaonunua kila siku wanalalamika.

Ukitaka kununua, tazama jicho: liwe angavu, limetuna. Funua mashavu: yawe mekundu. Bonyeza mgongo kwa kidole. Nyama ikirudi ilivyokuwa, chukua. Kwa mgeni wa kwanza ningeshauri tasi au changu wa kuchoma na kupaka nazi. Pana watu hapo hapo watakaokuparia na kukutolea matumbo kwa malipo madogo. Mpelekee mwenyeji wako mapema, asipike chakula kingine.

Hatua ya 5: Mchana, mji wenyewe

Mchana wa kipupwe ndio wakati wa kutembea mjini, jambo ambalo miezi ya joto halipendezi. Anzia Boma la zamani la Wajerumani, ambalo sasa lina makumbusho ya Urithi. Picha za zamani zilizomo humo zitakusaidia kutambua majengo utakayopita baadaye. Toka hapo, pita mnara wa saa na bustani ya Jamhuri, ukae kidogo utazame ghuba. Kisiwa unachokiona mbele yako ni Toten, chenye magofu ya misikiti na makaburi. Eneo hili la bahari limo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumnasa kwenye nyavu za kina kirefu miaka ya 2000. Ukitaka kuvuka kwenda kisiwani, ulizia kibali na utaratibu siku moja kabla, uondoke asubuhi, na usikubali chombo kisicho na maboya ya kuvaa.

Tembea ukifuata barabara ya kwenda Raskazone na ukumbuke unakanyaga wapi. Kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914, Waingereza walishusha hapa jeshi la wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakitaka kuuteka mji. Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000 tu chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck, na wakawarudisha baharini. Katikati ya mapigano nyuki waliovurugwa mizinga yao waliwashambulia wanajeshi, na habari hiyo ndiyo watu wa hapa wanaoisimulia zaidi. Makaburi ya vita yapo mjini, yanatunzwa vizuri, na yanastahili nusu saa ya kimya.

Ijumaa jihadhari na ratiba: kuanzia saa 6 hivi mchana maduka mengi ya Ngamiani yanafungwa kwa sala, na yanafunguliwa taratibu. Tarehe 7 Julai na 8 Agosti ni sikukuu, Sabasaba na Nanenane, na ofisi zote hazifanyi kazi. Mambo ya benki na vibali yamalize kabla.

Kwa chakula cha mchana sina mengi ya kusema. Wali wa nazi, samaki, mchicha au kisamvu, achari ya ndimu pembeni, na mtindi baridi baada yake. Tanga ina maziwa ya kutosha na watu wake wanajua kuyagandisha. Mgahawa wowote unaoona umejaa watu wa kazi utakufaa.

Hatua ya 6: Alasiri, bahari au uwanja

Kama ni bamvua, saa 9 na nusu uwe Raskazone. Kuna klabu za kuogelea zenye ngazi za kushukia majini na mahali pa kubadilishia nguo, kwa kiingilio. Maji ya kipupwe yana ubaridi wa dakika mbili za mwanzo tu. Ukitoka, jifute upesi kwa sababu upepo ndio unaotia baridi, hasa watoto. Usikae na nguo mbichi.

Kama maji hayakuruhusu, tafuta uwanja. Jua linazama kama saa 12 na robo, na saa moja na nusu kabla ya hapo kila kiwanja cha mchanga kina mpira. Ligi kuu kwa kawaida huanza tena Agosti. Hapo unaweza kuingia uwanja wa Mkwakwani. Coastal Union, waliokuwa mabingwa wa nchi mwaka 1988, na African Sports, wamegawanya familia za mji huu kwa vizazi. Usitaje timu yako kabla hujajua umekaa nyumba ya nani.

Tazama pia juu. Kusi inapovuma watoto wanarusha tiara walizotengeneza wenyewe: karatasi, uzi, na vijiti vya chelewa, yaani uti wa majani ya mnazi, vilivyochongwa vyembamba na kufungwa msalaba, na mkia wa kitambaa ili isizunguke. Ukiwa na mtoto, mwache akae nao, watamfundisha bila kuombwa. Ikunje chelewa mwenyewe uone inavyopinda bila kukatika. Ndiyo maana hawatumii mti mwingine.

Hatua ya 7: Jioni, pweza kwanza, kahawa baadaye

Baada ya magharibi mitaa ya Ngamiani inawaka majiko ya mkaa. Mishikaki, muhogo wa kuchoma uliopasuliwa na kutiwa pilipili na chumvi, mahindi, kachori, bajia, katlesi. Lakini katika ubaridi huu mfuate muuza pweza. Utamkuta na sufuria la supu inayochemka na ubao. Anachukua mkono mmoja wa pweza, anaukata vipande vidogo kwa kisu kikali bila kuuangalia, anakamua ndimu, anaongeza pilipili ya kusaga, anakupa kijiti. Unachoma kipande, unatafuna, kisha unapewa kikombe cha supu yake, nyekundu iliyokoza, ya chumvi. Kunywa ikiwa ya moto sana. Wiki ya bamvua pweza ni wakubwa na laini. Wiki ya maji mafu muulize kama ni wa leo, naye akiwa muungwana atakwambia.

Ukishashiba, sikiliza vikombe vinavyogonganishwa. Huyo ni muuza kahawa. Kahawa ya hapa ni chungu, haitiwi sukari, inamiminwa kutoka kwenye birika lenye mkaa chini yake hadi kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, na utamu unatoka kwenye kashata unayoitafuna pembeni. Kaa kwenye benchi pamoja na wengine. Salimu wote, si mmoja: "Assalaam alaykum" kwa jumla, kisha "Shikamoo" kwa kila mzee. Utajibiwa "Marahaba, mgosi, karibu kahawa," na mtu atasogea kukupa nafasi. Watakuwa wanacheza bao au dhumna na kubishana habari za mji. Usiulize maswali mengi ya haraka haraka, wala usipige picha kabla ya kuomba. Kunywa kikombe cha pili. Mtu atakuuliza umetoka wapi, na kutoka hapo mazungumzo yatajiendesha; mambo niliyojifunza katika benchi hizo kuhusu mji huu hayamo katika makumbusho yoyote. Ni kawaida aliyekaa jirani yako akakulipia kahawa. Kubali, na kesho uwahi wewe kulipa.

Hatua ya 8: Toka nje ya mji, ila chagua

*Mapango ya Amboni* yako yapata kilomita 8 kaskazini, kwenye njia ya kwenda Mombasa. Ni mapango ya chokaa yaliyochimbwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Nenda siku ambayo haikunyesha usiku, kwa sababu sakafu inateleza. Lazima uingie na kiongozi. Mpe nafasi akusimulie, pamoja na masimulizi ya pango linalodaiwa kufika hadi Kilimanjaro. Utaona mahali watu wanapofanyia matambiko, na vitu walivyoacha. Usiguse. Ukiweza kubaki hadi jua linazama, utaona popo wanavyomiminika nje. Karibu na hapo kuna maji moto ya salfa ya Galanos.

*Tongoni* iko kusini, yapata kilomita 17, njia ya Pangani. Ukipita Machui ujue ndipo alipozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Magofu ya Tongoni ni ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine ya nguzo, yaliyojengwa kwa matumbawe karne ya 14 na 15. Nguzo nyingi zimeanguka. Tazama mashimo ya duara kwenye zilizobaki: hapo palikuwa pamepachikwa bakuli za kutoka Uchina. Nenda asubuhi, ufike na mwanga wa ubavuni unaoonyesha michongo, na umpe mlinzi muda wa kuzungumza.

*Lushoto* ni kwa anayetaka baridi ya kweli. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai utaomba blanketi la pili. Panda basi la asubuhi kupitia Muheza, Korogwe na Mombo. Kutoka Mombo barabara inapanda kwa kona kilomita 33 hivi. Lala angalau usiku mmoja, maana kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ni kuchoka bure. Asubuhi tembea hadi Irente, mwamba unaotazama nyika ya Mombo chini kabisa. Ukungu ukiwa mzito ngoja, kwa kawaida unafunguka saa 4 au 5.

Kama una siku tatu tu, chukua Tongoni na Amboni, Lushoto iache. Ukiwa na wiki, ongeza Lushoto, lakini usikose siku mbili za kukaa mjini bila mpango wowote.

Hatua ya 9: Ondoka na machungwa

Kipupwe ndio msimu mkubwa wa machungwa ya Muheza, na basi lako la kwenda Dar es Salaam, Arusha au Morogoro litapita hapo hapo. Mjini nunua ya kula njiani tu. Ya kupeleka nyumbani nunua Muheza. Usidanganywe na rangi. Chungwa la pwani linaiva likiwa na ganda la kijani, na lile la njano sana mara nyingi limekaa muda mrefu juani. Lipime mkononi: liwe zito kuliko linavyoonekana, ganda liwe jembamba na laini. Omba umenyewe moja uonje, muuzaji hakatai. Yawekwe kwenye tenga au mfuko wa wavu, si nailoni iliyofungwa, kwa sababu yakikosa hewa yanaota ukungu. Na umwambie kondakta mapema kwamba utanunua, ili chini ya basi papatikane nafasi kabla mizigo ya abiria wa njiani haijaingia.